Sura Isiyo na Mdomo

Jumapili, 4 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na kwamba bibi anaendelea vizuri tangu alipoteleza bafuni. Sisi huku ni wazima. Baba anakusalimu na anauliza kama umechukua mkasi wake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kila baba akikupigia simu anaambiwa hupatikani. Tumekumbuka kwamba kwa bibi simu haishiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, na goti lako tunalijua. Barua hii nitampa dereva wa lori la magodoro. Anaondoka huku kila Jumatatu na kurudi Alhamisi, na nyumba ya bibi iko njiani. Jana nilipomwomba anibebee, aliuliza kama ni ya "yule fundi cherehani mwenye kicheko". Nilipomjibu ndiyo, akasema basi ataiweka kwenye mfuko wa shati, si pamoja na risiti.

Sasa habari za kikundi cha watoto ulichoniachia. Jana nilikuwa peke yangu na watoto wote kumi na wanane. Tuliimba na kukimbizana. Mwenyekiti wa ukumbi akaja akasimama mlangoni na saa yake ya mnyororo, akasema, "Hiki si kikundi. Hizi ni kelele zilizopangiwa saa." Bendi ya matarumbeta inaitaka saa yetu ya Jumamosi. Tarehe moja Julai kamati itakaa pamoja na wazazi, na watoto wasipoonyesha stadi walizojifunza, saa itapewa bendi. "Treni isiyo na mzigo huondolewa kwenye ratiba," alisema.

Usiwe na wasiwasi. Nimefungua lile kopo la biskuti uliloniachia (watoto walilia walipoona halina biskuti) na nimeziona beji ulizotarizi, za aina tatu. Nimezielewa zote. Jumamosi zilizobaki ni tatu, stadi ni tatu, na ratiba nimeichora kwa rula. Naomba tu unishauri nianze na ipi.

Sisemi chochote kuhusu ile skafu ya kijani ya kiongozi uliyoiacha imening'inia nyuma ya mlango. Naiona tu kila nikifunga mlango.

Wako,
Karani


Jumatano, 7 Juni

Karani wangu,

Marahaba. Bibi yako mguu unamuuma lakini mdomo ni mzima kabisa. Mwambie baba yako mkasi ni wangu, yeye aliuazima siku aliyotaka kukata bomba.

Mwenyekiti asikutishe. Yeye alistaafu ukuu wa stesheni, ila stesheni haijamstaafu yeye. Akiona kitu kinakwenda kwa mpango moyo wake unalainika.

Anza na ile ya duara, ndiyo nyepesi. Kila mtoto afanye mwenyewe, amekaa, ametulia. Wengine watalia mara ya kwanza. Usiwaonee huruma haraka. Wakishaijua hawaisahau maisha, na mama zao watakushukuru.

Na kumbuka sheria yangu moja tu: mikono nyuma. Ukishaonyesha mara moja, weka mikono mgongoni uishike. Mtoto akikosea, mikono nyuma. Akikosea tena, ng'ata ulimi, mikono nyuma. Ukimshikia kazi yake, wewe umejifunza mara mbili na yeye hajajifunza hata mara moja.

Dereva alileta barua akakaa kidogo, vikombe vitatu vya chai. Anasema gurudumu la nyuma lilikuwa linapumzika. Sikujua magurudumu nayo huchoka.

Skafu iache hapo hapo mlangoni. Haidai chakula.

Shangazi yako


Jumapili, 11 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Beji ya kwanza imefaulu!

Nilianza na ile ya duara kama ulivyosema, ile sura isiyo na mdomo. Macho mawili juu, matundu mawili ya pua chini, mdomo hakuna. Nilipoiona tu nilielewa kwamba ni stadi ya kunyamaza. Ni wazo zuri sana, shangazi. Sisi shuleni huwa tunaamriwa kunyamaza, lakini hakuna aliyewahi kutufundisha.

Nilionyesha mara moja, nikaweka mikono nyuma. Wanne walilia, kama ulivyosema, lakini walilia bila sauti nikaona inahesabika. Mapacha walizungumza kwa nyusi. Bwana Kwanini, yule wa miaka saba asiyemaliza pumzi moja bila swali, aliteseka kuliko wote. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili na macho yakamtoka. Mwishowe ukumbi ulitulia mpaka tukasikia bomba likidondoka ofisini kwa Mwenyekiti.

Ndipo Mwenyekiti akaja. Alikuwa amezoea kutusikia tangu barabarani. "Kuna nini humu?" akauliza. Watoto wote wakamtazama tu. Akamwinamia Kijiko, yule mdogo anayetembea na kijiko chake kila mahali. "Mama yako yuko wapi, mjukuu wangu?" Kijiko akamnyooshea kijiko. Akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Akanigeukia mimi, nami sikuweza kumjibu kwa sababu nilikuwa nafanya mfano. Alitoka mbio na kurudi na muuguzi wa zahanati, glavu mkono mmoja. Wakati huo huo saa ikagonga, watoto wote wakafunguka kwa pamoja, na aliyehitaji kukalishwa chini akawa muuguzi.

Mama zao wamenishukuru kweli. Mama wa Mapacha alinishika mikono akaniambia walinyamaza tangu chakula cha jioni mpaka asubuhi. Aliuliza kama kuna beji ya wiki nzima.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumamosi ijayo nafanya ile ya tembo.

Wako,
Karani


Jumatano, 14 Juni

Karani!

Simama hapo hapo. Sura gani? Tembo gani?

Mwanangu, ile si sura. Ni kifungo. Kifungo cha shati, chenye matundu manne, ambacho mtoto anatakiwa ajifunze kukishona. Niliweka sindano butu na uzi ndani ya kopo, chini ya karatasi. Ulidhani ni za kumdunga nani? Na tembo sijapata kumtarizi tangu nizaliwe. Lile ni birika linalotoa mvuke, wajifunze kumimina chai bila kumwaga. Ya tatu, kabla hujaniambia ni mamba, ni kiatu na kamba zake. Kufunga kamba za viatu, basi.

Nimecheka mpaka bibi yako akataka asomewe. Naye amecheka mpaka mguu ukauma, akasema mkono wangu ulilaaniwa mapema. Nikiwa darasa la pili nilichora nyumba yetu, mwalimu akaniandikia "samaki mzuri".

Lakini asiyeuliza hanalo ajifunzalo, Karani. Kuniuliza kungekupunguzia nini? Acha tembo. Jumamosi shika kifungo. Dereva anaondoka leo mchana.

Jumamosi, 17 Juni. Barua bado iko hapa mezani. Lori limekataa kuwaka. Dereva anasema ni gia. Niliandika nyingine nikampa mwenye duka aipeleke posta mjini. Huyu barua za watu huzileta vizuri, ila kupeleka hajui: amerudi, na barua yangu imerudi naye ndani ya koti. Leo ndiyo siku ya tembo, nami sina la kufanya.

Jumatano, 21 Juni. Bado gia. Dereva ametengeneza bawaba za mlango, bomba la jikoni na kiti cha bibi. Lori tu ndilo hajaligusa. Bibi anasema huyu bwana ni fundi wa kila kitu isipokuwa kuondoka.


Jumapili, 18 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Lori halikurudi Alhamisi. Pale kwenye ghala la magodoro wanasema liliharibikia huko, kwa hiyo barua hii naitia posta.

Mwanzoni nilihuzunika kukosa jibu lako. Kisha nikaelewa. Ulinionyesha mara moja, na sasa umeweka mikono nyuma. Asante kwa kuniamini.

Jana tulifanya tembo. Pale kwenye beji ameinua mkonga anajimwagia maji, na nilifikiri maana yake ni usafi: kumwaga maji, kusugua, kukausha. Kila mtoto alikuja na kikopo. Tuliamua kuosha sakafu ya ukumbi iwe zawadi kwa kamati. Nilionyesha mara moja, nikaweka mikono nyuma.

Maji yalikuwa mengi kuliko nilivyokusudia.

Ile ngoma kubwa ya bendi ilikuwa pembeni. Sitasema ilielea. Nitasema ilihama. Bwana Kwanini akauliza kwa nini maji yanaingia chini ya mlango wa ofisi lakini hayatoki. Nikaona ni swali zuri, tukafungua mlango tuone. Mwenyekiti alikuwa amelala kitini, soksi zake zimelowa, na viatu vyake vikatoka nje kutupokea.

Nilimwomba radhi. Alisema "Naam", kisha hakusema kitu kingine. Sijui kama na yeye anataka beji ya kwanza.

Wako,
Karani


Jumatatu, 19 Juni

Kwa Bi Fundi, Kiongozi wa Kikundi cha Watoto.

YAHUSU: TEMBO

Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni mzima, ila si mkavu.

Tarehe 10 nilikuta watoto ukumbini wakiwa katika hali ya ububu. Tarehe 17, nikiwa kazini ofisini, viatu vyangu viliondoka kabla yangu. Nilipomuuliza mtoto mwenye kijiko ni nani aliyeamuru mambo haya, alinijibu: "Tembo." Miaka thelathini ya stesheni nimepokea mbuzi wasio na tiketi na bwana harusi aliyepanda treni siyo. Maelezo kama hayo sijapata kuyapokea. Ngoma ya bendi inaanikwa juani, na kwa sasa inalia kama sufuria.

Binti wa kaka yako ana adabu, nakiri. Aliniomba radhi kwa sentensi iliyokamilika. Hata hivyo, tarehe moja Julai iko palepale. Naomba unijulishe kwa maandishi ni stadi zipi zitaonyeshwa, niziingize kwenye programu, maana kwa binti mwenyewe naogopa kuuliza.

Wako katika utumishi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi


Jumapili, 25 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hii nayo naitia posta.

Jana tumemaliza beji ya tatu, ile ya nyumba iliyoegemezwa ngazi. Nimewafundisha kutoka salama kukitokea hatari. Kiongozi akigonga meza mara tatu, kila mtu anasimama, anafunga mdomo (hapo beji ya kwanza inasaidia), anashika shati la aliye mbele yake, na wote wanatoka mpaka kwenye ukuta wa nje, ambako tunahesabiana. Wameipenda mno. Wanawafundisha hata watu wa nyumbani. Kwa akina Mapacha, juzi mgeni alipiga hodi mara tatu, na familia nzima ikaacha chakula mezani na kutoka kwa mstari, babu akiwa wa mwisho. Mgeni alipoona hivyo naye akashika shati la babu.

Lakini Mwenyekiti akiniona sasa anainua miguu. Na wanabendi walikuja kupima ukumbi kwa futi kamba. Mpiga tarumbeta aliniuliza, "Mdogo wangu, hapa tukipigilia misumari ya kutundikia makoti itakuwaje?" Nilimwambia hapo ndipo Kijiko huegemea. Akasema, "Ataegemea kwao."

Nikiufikiria ukumbi huu Jumamosi bila watoto, nalifungua kopo la beji na kulifunga tena. Sijamwambia mtu. Nakitaka kikundi hiki, shangazi, na si kwa mwezi huu tu. Nimeshaliandika, na siwezi kulifuta kwa sababu ni wino.

Wako,
Karani


Jumatano, 28 Juni

Karani wangu,

Zako zote mbili za posta zimefika, na ya Mwenyekiti, ya mwisho leo asubuhi. Nimezisoma nimesimama.

Lori limewaka. Bibi yako alichoka, akamtuma mtu amwite fundi wa magari. Fundi alifungua boneti, akaona waya mmoja umechomolewa, akauliza nani ameuchomoa. Dereva akatazama mawingu. Mimi nikaenda kuangalia chai.

Sasa sikiliza. Sikuweka mikono nyuma, mwanangu. Mikono yangu ilikuwa kichwani. Yale niliyokuandikia tarehe 14 ndiyo haya nayaambatanisha, soma yote. Nimemwandikia Mwenyekiti stadi za kweli: kifungo, birika, kiatu. Ndizo zitakazokuwa kwenye programu yake, na wewe una Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi tu. Shikeni sindano.

Kuna jambo jingine, lakini litasubiri.

Shangazi yako


Jumapili, 2 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Dereva alinikabidhi barua zako Ijumaa jioni, amevaa shati lililopigwa pasi. Nilizisoma zote nimekaa kitandani. Masikio yalinichoma. Baba akazichukua, akaitazama ile beji ya birika kwa muda, akasema, "Dada yangu akichora ng'ombe, ndama hamjui mama yake." Alitaka kunifariji, nadhani.

Nilifikiri niwaambie watoto kwamba tumeamua tu kubadilisha. Asubuhi nilipowaona wamevaa beji zao kwenye mikono ya mashati, nikashindwa. Nikasema, "Nilikosea. Hii si sura. Ni kifungo." Wakanitazama. Bwana Kwanini akauliza, "Sasa kwa nini kina macho?" Kijiko akasema, "Kifungo nacho kimenyamaza." Nikagawa sindano. Tulikuwa na nusu saa.

Ukumbi ulijaa. Wazazi mbele, kamati pembeni, bendi nyuma na vyombo vyao tayari. Mwenyekiti alikaa kwenye kile kiti chake chenye mto, akavaa miwani, akasoma: "Stadi ya kwanza. Kushona kifungo." Kisha akatazama koti lake. Kifungo cha chini kilikuwa kinaning'inia tangu siku ya tembo. "Nani atanishonea hiki?"

Kijiko alisimama.

"Nivue koti?"

"Usivue, babu. Tulia tu."

Shangazi, niliweka mikono nyuma. Niliiona sindano ikipita kwenye koti, ikazama kwenye mto wa kiti, ikarudi juu, ikazama tena. Mikono ilitaka kutoka yenyewe. Niliishika, nikang'ata ulimi kama ulivyonifundisha. Kijiko alikata uzi kwa meno. Mwenyekiti akakivuta kifungo, hakikutikisika hata kidogo, na watu wakapiga makofi.

Birika likafuata. Pacha wa kwanza alimimina kikombeni, pacha wa pili kwenye kisahani, na iliyobaki wakaimimina ndani ya tarumbeta, ambayo mwenyewe alikuwa ameisimamisha sakafuni kama jagi.

Mpiga tarumbeta akainuka. "Hawa hawajui kitu! Mwezi mzima wamekaa humu wanafanya nini? Saa ni yetu!"

Mama wa Mapacha naye akainuka. "Kifungo nitashona mwenyewe. Wanangu walinyamaza jioni mpaka asubuhi! Wewe bendi yako imewahi kunyamaza?"

"Dada, hakuna beji ya kunyamaza hapa. Programu inasema kifungo!"

"Hebu itazame! Hiyo ni sura!"

"Ni soketi ya ukutani," akasema mjumbe mmoja wa kamati.

"Ni chujio, jamani, mbona liko wazi?"

Basi kila mtu akawa anavuta mkono wa mtoto wake aangalie, na kila mtu anasema. Nilijua tumekwisha. Mwenyekiti aliita "Utulivu!" mara mbili, hakuna aliyemsikia. Ndipo akakunja ngumi akagonga meza. Mara tatu.

Hakujua, shangazi.

Watoto walisimama. Wakafunga midomo. Kila mmoja akashika shati la aliye mbele, mstari ukaanza kutoka. Wazazi wao wakanyamaza katikati ya maneno, wakashika mashati, wakafuata, kwa sababu majumbani wamekwishazoeshwa. Kamati haikutaka kuachwa, ikafuata. Bendi ikafuata, mtu wa ngoma akiwa wa mwisho na ngoma yake. Hakuna aliyesukuma. Ndani akabaki Mwenyekiti na kiti chake.

Tulihesabiana ukutani. Wote walikuwepo.

Baada ya muda Mwenyekiti akatokea mlangoni, na ule mto umening'inia mbele yake kama aproni. Nilisubiri atufokee. Alitazama mstari wote tangu kwa Kijiko mpaka kwa mtu wa ngoma, kimya, umenyooka. Akatoa saa yake akaitazama. Akavua miwani akaifuta.

"Miaka thelathini," akasema, "nimewaomba watu watoke hivi. Miaka thelathini wamenikanyaga." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani amewafundisha?"

Watoto wote wakaninyooshea kidole, bila neno.

Kamati ilipiga kura pale pale nje. Bendi imepewa Ijumaa jioni. Jumamosi ni yetu. Mto bado umeshikamana na koti. Mwenyekiti anasema mshono huo ni imara kuliko wa kiwandani na ataufumua akipata nafasi.

Lakini wewe uliniuliza kukuuliza kungenipunguzia nini, na nataka kukujibu. Niliogopa ungejua kwamba sijui. Nilidhani kiongozi ni mtu anayeelewa beji zote. Nisamehe.

Nimeosha kopo na kulipanga. Ukirudi nitakukabidhi kikundi kikiwa kamili.

Wako,
Karani


Jumatano, 5 Julai

Karani wangu,

Sirudi.

Usishtuke, kaa chini kwanza. Bibi yako atahitaji mtu kwa muda mrefu, hilo moja. La pili, jana dereva alileta barua yako, akazima lori, akaja mpaka mlangoni na kusema mwenyewe alichokuwa anakisingizia gia. Nilicheka, yeye anasema alikuwa amekifuata hicho hicho kicheko. Nimemkubali. Mwambie baba yako aje tuzungumze kama watu wazima, na mkasi namrudishia, maana nimepata mtu mwenye vifaa vyake.

Unasema ulidhani kiongozi anaelewa beji zote. Mimi nimeongoza kikundi hicho miaka sita, na beji zangu mwenyewe ndizo hizo ulizoziona. Ulihesabu watoto ukutani kabla hujatazama Mwenyekiti anasemaje. Hilo halitariziki.

Skafu iko nyuma ya mlango. Ivae.

Pamoja na barua hii kuna beji moja, ya kwako peke yako. Nimeitarizi kwa siku mbili, bibi akinisahihisha. Sitakuambia ni nini. Safari hii mikono yangu iko nyuma kweli.

Shangazi yako, ambaye hivi karibuni utamwandikia kwa jina la mke wa mtu


Jumapili, 9 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera. Baba alipoisoma habari ya dereva alinyamaza kwa muda mrefu sana, mpaka Kijiko, aliyekuwa kwetu, akavua beji yake ya kwanza akampa. Kisha baba akasema, "Kumbe ndiyo maana aliniuliza dada yangu anapenda godoro la unene gani." Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Amefurahi, ila anauficha uso kwenye gazeti.

Skafu nimeivaa. Inanifika magotini, nimeikunja mara mbili.

Jana niliipitisha ile beji kwa watoto. Pacha wa kwanza anasema ni bakuli lenye masikio. Wa pili anasema ni kuku anayepiga mswaki. Mwenyekiti aliivalia miwani, akaigeuza juu chini, akasema ni treni, tena ya mizigo, haina ubishi. Bwana Kwanini akauliza, "Kwa nini lazima iwe kitu?" Baba anasema ni picha yake yeye mwenyewe.

Kijiko aliomba anishonee kwenye mkono wa blauzi, nikiwa nimeivaa. Nilitaka kukataa. Kisha nikaweka nyuma ule mkono mwingine. Ameshona imara, kama kawaida yake. Ameunganisha upande wa juu na upande wa chini, kwa hiyo mkono wangu haukupata pa kutokea. Niliongoza kikundi kizima mkono mmoja ukiwa ndani, na watoto wakafanya kila kitu wenyewe: wamefunga kamba za viatu vyao, na za Mwenyekiti.

Sijaufumua. Naandika kwa ule mzima.

Najua asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini usiniambie ni nini, shangazi. Jumamosi tunaanza mazoezi.

Wako,
Karani